Habari za Meli Iliyozama, Nilivyozipeleka Merti

Nilifunga safari ya Isiolo kwa ajili ya mtu ambaye sikuwahi kumwona, mtu aliyekufa baharini kabla mimi sijazaliwa. Aliitwa Galgalo Jarso. Nyumbani kwetu Wundanyi jina hilo tulilijua kama tunavyojua majina ya wajomba, kwa kuwa baba alilitaja kila alipozungumza habari za vita. Mara nyingi alipolitaja aliinuka kwenda kuangalia migomba ambayo haikuwa na shida yoyote.

Baba yangu, Mwadime, alikuwa dereva wa lori katika jeshi la Mwingereza wakati wa vita vya pili vya dunia. Walipelekwa Asia, upande wa Burma, na huko wakapandishwa meli ambayo haikufanana na meli yoyote aliyopata kuiona Mombasa. Chini ilikuwa bapa kama karai. Mbele ilikuwa na milango miwili mikubwa kama ya ghala. Ilikwenda moja kwa moja mpaka ufukweni ikapanda mchanga, milango ikafunguliwa, daraja la chuma likateremshwa, na malori yakatoka yakiendeshwa kama yanatoka gereji. Haikupewa jina, ilipakwa namba tu ubavuni. Ilipeleka petroli, unga, risasi, na nyumbu wa mizigo, wale wanaozaliwa na punda na farasi. Iliporudi ilibeba majeruhi, wamelazwa palepale malori yalipokuwa yamesimama, juu ya chuma chenye mafuta. Wakishateremshwa, kina baba waliosha damu kwa ndoo na kupakia petroli tena. Alisema hakuna askari aliyeipenda meli ile. Ilikuwa kubwa na ya polepole, na ndege ya adui ikipita, ile ndiyo ilikuwa ya kwanza kuonekana.

Galgalo alikuwa mtunza nyumbu. Alikuwa Mborana wa Waso, huko kwenye mto Ewaso Nyiro, mrefu, mwenye kuiogopa bahari kupita kiasi. Alilala juu kwenye sitaha kando ya wanyama wake, maana akiwa chini, alisema, anasikia maji yakimtafuta nyuma ya chuma. Yeye na baba walikunywa chai pamoja kila asubuhi, wakizungumza Kiswahili kile cha jeshini. Kisha meli ikazama. Baba akarudi nyumbani, Galgalo hakurudi.

Baba alijaribu kuwatafuta watu wake. Alifika Nairobi na kuuliza njia ya kwenda mahali panapoitwa Merti, akaambiwa kaskazini kumefungwa, haendi mtu bila kibali, na yeye si mtu wa kupewa kibali. Akarudi. Akaoa, akatuzaa, akazeeka. Alifariki akiwa amepita miaka tisini.

Kwenye matanga yake alikuja Kame, mwanamke niliyefanya naye kazi ya ukunga miaka mingi. Kame ni Mborana wa Isiolo. Alimsikia kaka yangu akiwasimulia wageni habari za Galgalo, akaniita pembeni, akaniuliza jina la baba yake huyo mtu na alikotoka. Wiki ileile akapiga simu kwao. Jibu lililorudi lilikuwa fupi. Dada yake Galgalo yuko hai Merti, anaitwa Talaso, ni bikizee asiyetoka tena nyumbani, na amesema mwenye habari hizo aje na mdomo wake. Hataki kuambiwa kwa simu.

Basi nikaenda.

Nairobi sikukaa. Nilishuka kwenye basi moja nikapanda jingine, na asubuhi iliyofuata, baada ya kuuacha ubaridi wa Meru na kuteremka, niliiona Isiolo chini, tambarare, vumbi limetanda juu yake kama moshi wa jikoni. Mji una lami nzuri siku hizi, na ofisi za kaunti zimejengwa tangu ugatuzi uje. Lakini ule ulikuwa mwaka wa ukame. Akina mama wauza maziwa ya ngamia walikuwa wamekaa barabarani na vibuyu vitupu, wakizungumza tu, kwa sababu hapo ndipo walipozoea kukaa.

Nilipokewa mtaa wa Chechelesi, nyumbani kwa Guyo, mjukuu wa Talaso. Guyo ni mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa makamo, mpole, mwenye simu mbili zinazolia kwa zamu. Aliniamkia kwa salaam aleikum nikamwitikia vizuri, na mke wake akaniletea chai nzito ya maziwa. Tulipomaliza kula, Guyo aliniambia jambo ambalo Kame hakunieleza.

"Mama, huyo mzee Galgalo aliacha ng'ombe," alisema. "Aliacha mtamba mmoja. Akko ndiye alimchunga. Huyo mtamba akazaa, watoto wake wakazaa, mpaka leo. Kila anayezaliwa kwa ukoo huo ni wa Galgalo. Hatuuzi, hatuchinji, hatutoi mahari."

Akko ni bibi kwa Kiborana; alikuwa akimsema Talaso. Nikamuuliza kwa nini hawakugawana, miaka yote hiyo.

"Sheikh alisema zamani, kwa vile miaka imepita, huyo ahesabiwe amekufa. Akko akakataa. Alisema miaka haikumwona akifa." Alizungusha kikombe. "Sasa jua linawamaliza. Kila wiki napigiwa simu, ameanguka huyu, ameanguka yule. Wangeuzwa mapema wangesaidia watu. Watoto wanafukuzwa shule na ng'ombe wa maiti wanakufa malishoni."

"Mimi nitamweleza alivyokufa," nikasema.

"Mweleze. Lakini kaka yako alisimulia kwenye matanga... sijui, Kame alisema kuna maneno mabaya ndani. Hayo uyaache. Mwambie adui alipiga meli, ikazama, basi. Yeye ni mzee. Mimi ndiye nitatafsiri, na mimi nitasema hivyo tu."

Sikumkubalia wala sikumkatalia. Maneno mabaya aliyosema yalikuwepo, na hata mimi niliyezaliwa nayo sikupenda kuyabeba.

Siku ya pili tuliondoka Isiolo kwa lori la Guyo lililobeba magunia ya mahindi na nyasi zilizofungwa. Mimi nilikaa mbele naye. Ngamia wachache walivuka barabara bila haraka, na baada yao sikuona mnyama aliyesimama kwa muda mrefu. Kulamawe tulisimama kushusha baadhi ya magunia katika duka moja. Lori la maji la kaunti lilikuwa limefika, na madumu ya njano yalikuwa yamepangwa foleni kutoka darasa la mwisho la shule mpaka barabarani, lakini wenye madumu walikuwa wamekaa kivulini, hakuna aliyegombana na mwenzake. Mwenye duka alimuuliza Guyo kama amepitia njia ya juu, Guyo akasema hapana. Mwenye duka akasema, "Usipite. Kunanuka."

Tulipita njia ya chini na kulinuka vilevile. Ng'ombe walilala kandokando ya njia, wengine wamebaki ngozi na mbavu, wengine wa jana. Wafugaji walikuwa wamewaegemeza baadhi yao kwenye miti ya migunga ili wafe wakiwa wamesimama, au labda walitumaini watapata nguvu. Mara moja tu Guyo alipunguza mwendo, akatazama alama ya moto kwenye paja la ng'ombe aliyelala, akaongeza mwendo tena. Nikajua ni mmoja wa wale wa Galgalo.

Merti tulifika jua likiwa bado juu. Mto Ewaso Nyiro ulikuwa mchanga mtupu, watu wamechimba visima vifupi katikati yake. Mji ni maduka ya mabati, msikiti, malori mawili matatu, na nyumba zilizotawanyika. Nyumba ya Talaso ilikuwa pembeni, ya udongo, safi, na yeye alikuwa ameketi mlangoni juu ya mkeka, mwembamba sana, mtandio mweusi, macho yamefunikwa na ukungu lakini kichwa kimeinuliwa. Alikuwa ameambiwa tumekuja. Alininyoshea mikono yote miwili, akanishika viganja, akavipapasa kwa muda kama mtu anayetafuta kitu ndani yake.

Tukaketi. Akina mama wawili watatu wa jirani walikuja wakakaa nyuma yake. Talaso alisema maneno kwa Kiborana, Guyo akanitafsiria, "Anasema baba yako apumzike. Anasema uanze."

Nilianza mwanzo, nikisema kidogo na kungoja Guyo atafsiri. Nilimweleza ile meli ilivyokuwa na kazi iliyofanya, ikienda ufukweni na kurudi. Nilimweleza kwamba kaka yake alilala juu pamoja na nyumbu na hakupenda bahari, na hapo mmoja wa wale akina mama akatabasamu. Kisha nikafika kwenye asubuhi ile.

Bahari ilikuwa imetulia. Meli kadhaa zilikuwa zinakwenda pamoja, na meli mbili za kivita zilikuwa zinazilinda. Baba alikuwa amepanda juu kunywa chai na Galgalo, na chai hiyo ndiyo iliyomponya, kwa sababu kombora la nyambizi lilipopiga nyuma, mapipa ya petroli yaliyokuwa chini yakashika moto, na madereva wenzake waliokuwa wamelala ndani ya malori yao hakuna aliyetoka. Alisikia honi za malori zikilia chini, zikalia, mpaka zikanyamaza. Meli ikainama. Watu wakajirusha. Galgalo hakujirusha. Alichomoa kisu akaanza kukata kamba za nyumbu, mmoja baada ya mwingine, akiwasukuma wateremke majini. Baba alimwita. Hakugeuka.

Baba alirukia maji akapata ubao. Alipotazama nyuma, akamwona Galgalo naye yumo baharini, hajui kuogelea, ameshika shingo ya nyumbu mmoja wa rangi ya majivu, na yule nyumbu anaogelea. Alikuwa akimwita kwa lugha yake. Baba hakujua maana ya maneno hayo, ila aliyashika kwa sikio, na sisi watoto tuliyasikia kwake mara nyingi.

"Alisema, kottu, Dalacha, kottu," nikamwambia Talaso.

Guyo hakutafsiri. Hapakuwa na haja. Yule bikizee alikuwa ameweka kiganja chake juu ya goti langu. Akanifanya nirudie. Nikarudia. Akasema kitu polepole, na Guyo akanieleza kwa sauti ya chini kwamba kottu ni njoo, na kwamba Dalacha alikuwa maksai wa baba yao, mwenye rangi ya majivu, aliyechungwa na Galgalo tangu utotoni, akafa kwa ugonjwa kabla Galgalo hajakwenda vitani.

"Sasa anajua ni yeye," Guyo akasema. Halafu akanitazama kwa namna ya kuniomba. Nikaishia hapo. Guyo akamgeukia bibi yake, akasema sentensi fupi kwa Kiborana, na akina mama wakaanza kuitikia kwa sauti za pole. Nikaelewa kwamba amemwambia alizama.

Talaso hakuitikia. Aliinua mkono, wale akina mama wakanyamaza. Kisha akaniambia, kwa Kiswahili kizito lakini kinachoeleweka, "Wewe bado hujamaliza."

Guyo akashtuka. "Akko, amechoka, ametoka mbali."

"Mimi nasikia Kiswahili," akaniambia mimi, si yeye. "Nilifunzwa na askari wakati wa daba, ile miaka ya vita vya shifta, tukifungiwa kambi na serikali hapa hapa Merti. Mtu anaogelea na mnyama mwenye nguvu, bahari imetulia. Hiyo si kuzama. Maliza wewe."

Nilimaliza. Nilisema kwamba watu waliokuwa majini waliziona zile meli za ulinzi zikigeuka, wakashangilia, wakapunga mikono. Moja ikaja kwa kasi. Baba alidhani inakuja kuwaokota. Lakini nyambizi ya adui ilikuwa imejificha chini yao, chini kabisa ya wale watu, na kama ingeachwa ingezizamisha meli nyingine. Ile meli haikusimama. Ilipita katikati yao, na ilipopita ikaangusha mabomu yanayolipuka ndani ya maji. Bahari iliinuka kama kilima. Ilipotulia, upande aliokuwa Galgalo hapakuwa na mtu wala mnyama. Baadaye meli ileile ilirudi kuwaokota waliosalia. Baharia aliyemvuta baba alikuwa Mzungu kijana, analia, na baba alikuwa anatapika damu.

Kuku walikuwa wanapekua karibu na mkeka.

"Hiyo meli ilikuwa ya nani?" akauliza.

"Ya upande wetu, akko. Ya kuwalinda."

"Waliona watu?"

"Baba alisema waliwaona."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesikia habari za jirani anayemfahamu. "Wakati wa daba walisema wanatulinda na shifta," alisema. "Tukiwa ndani ya uzio, ng'ombe wetu wakabaki nje. Wengine kwa njaa, wengine kwa risasi. Ng'ombe wa Galgalo tulikuwa tumewapeleka mbali kwa jamaa, ndiyo wakabaki." Akafikiri kidogo. "Yale maji ya bahari, mnyama anakunywa?"

"Hapana. Ni chumvi tupu."

"Basi alikuwa anamwita wapi Dalacha," akasema.

Guyo aliinuka akaenda kusimama kwenye lori lake. Nilidhani amekasirika. Nilipomfuata baadaye nilimkuta ameegemea mlango, uso umelowa, naye akaniambia tu kwamba atamtafuta sheikh.

Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, waliswali swala ya maiti asiyekuwepo. Mimi nilikaa na akina mama nje ya ukuta wa msikiti, kichwa nimefunika, nikaomba kwa njia yangu. Jina la Galgalo Jarso lilitajwa kwa kipaza sauti, na vijana waliokuwa wakipita na pikipiki wakazima injini. Wengi wao hawakujua ni nani. Talaso alibebwa kwa kiti cha plastiki mpaka pale, akakaa wima muda wote. Hakulia. Aliporudishwa nyumbani aliomba maji, akanywa, akalala mchana ule wote, na wajukuu wake wakawa wanaingia kwa zamu kuhakikisha anapumua.

Alipoamka alitoa amri kuhusu ng'ombe wa Galgalo: mmoja awe sadaka, waliobaki wauzwe. Walioweza kutembea waliletwa kutoka malishoni. Niliwaona wakiingia Merti, kundi dogo, wengi wa rangi ya majivu, wakisimama kila baada ya hatua chache. Walikuwa wachache kuliko Guyo alivyotarajia. Dume mmoja alitolewa sadaka. Wanaume watatu walimshika, si kwa sababu alikuwa mkali. Walimshika asianguke kabla ya kisu. Nyama yake ilikuwa nyembamba na nyeusi, na kila nyumba ilipelekewa kipande.

Nilirudi Isiolo kwa lori lilelile, na nyuma yetu walikuwa wale ng'ombe, wamefungwa vichwa kwenye mbao. Barabara ni mbaya. Kila tulipotumbukia shimoni nilisikia kwato zikigonga sakafu ya chuma, na nilimkumbuka baba mno hata nikamwomba Guyo asimame kidogo, nikashuka, nikatembea kando ya njia mpaka nikatulia. Kabla ya kufika Kulamawe wawili walilala na hawakuinuka tena, tukawashusha. Sokoni Isiolo wanunuzi walipitia, wakawashika uti wa mgongo, wakaenda zao. Jioni mmoja alirudi akasema bei yake, na Guyo akakubali bila kubishana.

"Ungekuja mwaka jana," aliniambia tukiwa tunaondoka sokoni. Hakusema kwa lawama. Nikamwambia ni kweli, na kwamba baba angekuja miaka mingi iliyopita kama angepewa kibali.

Nyumbani Wundanyi ndugu zangu waliniuliza kama watu wa Galgalo walifurahi kunipokea, na kama nilifanya vizuri kusema yote. Nimewajibu kwamba kabla ya kwenda nilidhani nabeba faraja. Sikubeba faraja yoyote. Nilipeleka mwisho wa jambo, na mwisho ule ulikuwa mbaya, na Talaso mwenyewe aliudai wote, hakutaka upunguzwe. Nilijifunza kwamba kumficha mtu sehemu ya kifo cha ndugu yake ni kumwacha aendelee kungoja sehemu hiyo.

Jingine nililojifunza alinifunza Talaso asubuhi ya kuondoka. Nilikuwa nimeinama kumuaga. Alinishika mkono, akauliza kwa kile Kiswahili chake, "Baba yako alipokuwa mzee, alikuwa analala usiku?"

Nikamwambia ukweli. "Hapana, akko. Hakulala vizuri mpaka alipokufa."

Aliuachia mkono wangu polepole.

"Basi tulikuwa wawili," akasema.